Swali la Nne na Watoto wa Usangu

Barua ya kuniita kwenda kutunga mtihani aliileta mwalimu mkuu mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa langu, akaninong'oneza kama mtu anayeleta habari ya msiba. Nilikuwa nimechaguliwa miongoni mwa walimu sita wa kutunga maswali ya upimaji wa majaribio wa Darasa la Nne, ule ambao shule za mikoa yetu zilikuwa zikifanya kwa pamoja kabla ya upimaji wa taifa, na ambao walimu wote tunauita moko. Wakati huo nilikuwa nimefundisha Kiswahili kwa miaka kumi na miwili katika shule ya msingi ya serikali hapa Iringa, si mbali na nyumbani kwetu Kihesa, na nilikuwa sijawahi kuitwa popote. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Tulikutana Mbeya. Kwa siku nne tulikaa ndani ya darasa lenye nondo madirishani, simu zetu zikiwa kwenye ndoo ya plastiki kwa mlinzi. Siku ya kwanza kila mmoja alitia saini karatasi ya kiapo kwamba hatasema, popote na kwa yeyote, nani alitunga swali gani. Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja wa Tukuyu aliyekaribia kustaafu. Alikuwa akisoma kazi zetu huku anakula karanga, moja moja, na akifika mahali pasipompendeza anaacha kutafuna.

Mimi nilipewa ufahamu.

"Hadithi fupi," akaniambia. "Mtoto wa shule yoyote aielewe. Usiniwekee lifti, usiniwekee bahari, usiniwekee taa za barabarani. Kuna watoto hawajaviona."

Nikaona hilo ni jepesi. Kitu gani kinajulikana na kila mtoto wa mikoa yetu? Nikasema ng'ombe. Sisi nyumbani hatukuwahi kufuga ng'ombe. Mama alikuwa na kuku na nguruwe mmoja, na maziwa tulinunua kwa jirani. Lakini ng'ombe nimewaona maisha yangu yote, wakipita barabarani, wakila magunzi nyuma ya nyumba za watu. Niliona inatosha. Hadithi niliyoandika naikumbuka mpaka leo, kwa sababu baadaye niliisoma mara nyingi mno:

"Asubuhi baba alivuka mto akawapeleka ng'ombe malishoni. Mchana mawingu yalitanda, mvua kubwa ikanyesha na mto ukajaa maji. Ng'ombe mmoja mweusi alijitenga na wenzake. Alizungukazunguka, akalala, akainuka, akalala tena. Baba alisimama akimtazama. Jua lilizama. Mama alitazama njiani lakini hakumwona baba. Kesho yake asubuhi baba alirudi nyumbani akiwa na furaha."

Swali la nne liliuliza: Kwa nini baba hakurudi nyumbani siku ile? Jibu nililoandika kwenye mwongozo wa kusahihishia lilikuwa moja: Kwa sababu mto ulijaa maji. Alama mbili.

Mama wa Tukuyu aliacha kutafuna.

"Huyu ng'ombe mweusi ana kazi gani?"

"Anaonyesha kwamba hata ng'ombe waliogopa mvua," nikajibu.

Kwa kweli nilimweka kama pambo. Nilikuwa nimewahi kumwona ng'ombe wa jirani akifanya vile siku moja ya mawingu, nikajisemea anaogopa radi. Na ile furaha ya mwisho niliiweka kwa sababu sipendi hadithi za watoto ziishe kwa huzuni. Yule mama alitazama sentensi ile kwa muda, kisha akaokota karanga nyingine, tukaendelea.

Usahihishaji ulifanyika Iringa wakati wa likizo ya Juni, kwenye bwalo la shule moja ya sekondari. Juni ya Iringa mnaijua wenyewe. Walimu tulisahihisha tumevaa masweta na makoti, wengine wamejifunga vitenge miguuni, na chai ya tangawizi ilikuwa ikipoa kabla hujaimaliza. Kila meza ilikuwa na walimu watano na kiongozi wake. Kila mwalimu alisahihisha swali moja au mawili, kisha anasukuma karatasi kwa mwenzake. Bila mtu kujua kwamba ni langu, nikapangiwa swali la nne.

Karatasi zilikuja kwenye mafurushi, kila shule furushi lake, juu yake namba tu bila jina. Siku ya pili mchana nilifungua furushi moja. Mtoto wa kwanza aliandika: Kwa sababu ngombe alikuwa anazaa. Nikacheka kidogo, nikapiga kosa. Wa pili aliandika mto ulijaa, nikampa alama zake. Wa tatu: alikuwa anamsubiri ngombe azae. Wa nne: ngombe mweusi alikuwa anazaa ndama. Nikaacha kucheka. Nilifunua karatasi kwa haraka, swali la nne peke yake, mpaka mwisho wa furushi. Watoto thelathini na mmoja walikuwa wameandika habari ya kuzaa.

Nikamwita kiongozi wa meza. Alikuwa mwalimu wa siku nyingi, mtu wa haki, asiyependa mchezo. Alisoma karatasi kumi hivi, akavua miwani.

"Hawa wameambiwa," akasema.

"Wameambiwa jibu la kosa?"

"Mwalimu wao hakujua jibu. Akakisia, akawapa. Jibu la kweli wakifanana ni sawa, wamefundishwa. Lakini kosa wakifanana watoto thelathini, hapo kuna mkono wa mtu."

Sheria ilikuwa wazi. Majibu ya kosa yanayofanana yanaandikiwa taarifa, na aliyeyaona anatia saini. Aliandika taarifa palepale kwa mwandiko wake mzuri. Nilishika kalamu nikasoma mistari ile mara mbili. Kuna kitu kilinikaa vibaya. Nilijiuliza ni mwalimu gani angekuwa na karatasi mkononi, aone "mto ukajaa maji", halafu awaambie watoto ng'ombe anazaa. Lakini kusema hivyo kungenipeleka mbali. Ningeanza kulitetea jibu lile, watu wangeniuliza kwa nini linanihusu, na nilikuwa nimekula kiapo. Hayo ndiyo niliyojiambia. Nikijichunguza sasa, naona kiapo kilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa mtunzi kwa mara ya kwanza, na sikutaka swali langu ndilo lionekane bovu.

Nikatia saini.

Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu. Namba ya furushi ilikuwa imefunguliwa, shule ikajulikana: shule ya msingi bondeni Usangu, chini ya Chimala. Matokeo ya darasa zima yalikuwa yamezuiwa. Mwalimu wa darasa, kijana mwenye miaka minne kazini, alikuwa ameitwa Mbeya akaandika maelezo, na alikuwa amesimamishwa kusimamia mitihani. Sasa afisa mmoja wa elimu alikuwa anakwenda kuwahoji watoto, na alitaka mtu kutoka meza iliyosahihisha. Kiongozi wetu alikuwa amefiwa na shemeji yake Makete. Nikaambiwa nijiandae.

Afisa alikuwa mzee mtaratibu, mwenye chupa ya chai aliyoishika mapajani safari nzima. Tulishuka kutoka kwenye baridi, tukapita Makambako, na kila tulipoendelea nilivua vazi moja: kwanza koti, kisha sweta. Chimala tulisimama kununua maji. Magunia ya mchele yalikuwa yamepangwa mpaka ukingoni mwa lami, na akina mama walipepeta huku wanaitana Kisangu, Kinyakyusa na Kisukuma, bei zikisemwa kwa Kiswahili. Kutoka pale tuliingia barabara ya vumbi.

Mwalimu alitupokea nje ya ofisi. Nilitegemea mtu mwenye hofu au mwenye hasira. Alikuwa kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, anaongea polepole. Alimwamkia mzee, akaniamkia na mimi, akatuongoza darasani kwake bila kuulizwa.

"Muone tunavyosoma kwanza," akasema.

Vitabu vya Kiswahili vilikuwa tisa kwa darasa la watoto sitini na watano. Kwa hiyo alikuwa amekata viroba vya mchele, akavifungua, akaandika juu yake kwa kalamu ya rangi hadithi fupi fupi, kubwa za kusomeka kutoka nyuma. Viroba vilining'inia ukuta mzima kwa misumari. Nilisoma kimoja. Kilihusu mtoto aliyepoteza kengele ya ndama. Kingine kilieleza jinsi ya kulinda mpunga dhidi ya ndege. Mimi kwangu Iringa nilikuwa na kitabu kimoja kwa watoto watatu, na nilikuwa nalalamika.

"Hizi hadithi umezitoa wapi?" nikamwuliza.

"Wananisimulia wao, mimi naandika. Mimi mtu wa Njombe, mwalimu. Kwetu ni viazi na miti. Ya ng'ombe nimejifunzia hapa."

Watoto tuliwahoji mmoja mmoja kwenye stoo, kati ya majembe na madumu ya maji. Mwalimu wao alikaa mbali, kwenye benchi chini ya ukuta wa ofisi, watu wasije wakasema anawakonyeza. Mzee aliwapa karatasi yenye hadithi, wakaisoma kwa sauti, mimi nikauliza swali. Mtoto wa kwanza alikuwa wa wakulima wa mpunga. Akasema mto ulijaa. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa binti wa miaka kama kumi na mmoja, mrefu kuliko wenzake, mwenye shanga nyembamba shingoni alizokuwa amezificha ndani ya kola.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umesoma vizuri. Sasa niambie, kwa nini baba hakurudi nyumbani siku ile?"

"Ng'ombe alikuwa anazaa."

"Nani alikuambia?"

Akanitazama kama vile hakulielewa swali. "Imeandikwa."

"Nionyeshe."

Akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa. Amejitenga na wenzake. Anazunguka, analala, anainuka. Huyo uchungu umemshika."

Mzee aliacha kuandika. Nikajikuta naendelea kuuliza, si kwa ajili ya taarifa tena.

"Na mto je? Si umejaa?"

"Umejaa, ndiyo. Lakini mvua moja maji yanashuka. Angesubiri, angevuka hata jioni. Ila hawezi kumwacha anazaa peke yake, fisi watakula ndama." Akafikiri kidogo. "Na tena amerudi asubuhi anafurahi. Mtu aliyezuiwa na mto anarudi amechoka, hafurahi. Huyu amepata ndama."

Kila kitu alichokisema kilikuwa kwenye hadithi yangu, na mimi niliyeiandika nilikuwa sijakisoma.

Mzee akamwuliza swali moja tu: "Nyumbani kwenu mna ng'ombe?"

"Tunao."

Kuanzia hapo alikuwa akiliuliza kwa kila mtoto, akaandika kwenye safu mbili. Tulipofika mtoto wa ishirini hakukuwa na haja ya kuendelea, ingawa tuliendelea mpaka wa mwisho. Waliokuwa na ng'ombe kwao, karibu wote wa familia zilizohamia bondeni kutoka kaskazini, walisema ng'ombe anazaa. Waliokuwa na mashamba peke yake walisema mto. Mmoja alisema baba alilewa, naye hatukumwandika popote.

Watoto walipokwenda kunywa uji, mwalimu alikuja akasimama mlangoni mwa stoo.

"Naweza kusema neno, mzee?"

"Sema."

"Siku ile nilipowagawia karatasi na mimi niliisoma ile hadithi. Nilijua jibu ni mto. Ningetaka kuwasaidia kuibia, si ningewapa mto? Hilo nililiandika kwenye maelezo kule Mbeya. Sijui kama kuna aliyelisoma."

Hapo ndipo nilipovunja kiapo. Sikupanga. Nilisema tu, "Ile hadithi niliiandika mimi."

Mzee alinitazama, akafumba kinywa, kisha akatazama dirishani kama mtu ambaye hakusikia. Nikaeleza yote: ng'ombe wa jirani, pambo, mwongozo wenye jibu moja. Nikaeleza kwamba furushi lao nililifungua mimi, na saini ya kwanza kwenye taarifa ni yangu.

"Kwa hiyo kule Iringa ulijua?" mwalimu kijana akauliza.

"Sikujua. Nilikuwa na wasiwasi."

"Na ule wasiwasi uliuweka wapi, mwalimu?"

Aliuliza kwa sauti ileile ya taratibu. Hakungoja jibu. Alitoka akaenda kuwasimamia watoto wa uji.

Njiani kurudi mzee hakunisema kuhusu kiapo. Baada ya Chimala alifungua chupa yake, akanimiminia chai kwenye kifuniko.

"Mimi nitaandika kwamba swali lilikuwa na majibu mawili na yote yamo kwenye hadithi," akasema. "Wewe andika lako. Usilipambe."

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Haikuwa kazi ndogo iliyofuata. Jibu la ng'ombe lilipokubaliwa, ilibidi karatasi za shule zote zitazamwe upya kwa swali lile, maana haikuwa haki wapewe watoto wa shule moja peke yao. Walimu wa meza yetu waliitwa tena siku mbili, na walinung'unika. Kiongozi wetu, aliyekuwa amerudi kutoka msibani, hakunung'unika. Aliketi kando yangu akasahihisha rundo lake, na kila alipokuta jibu la kuzaa aliligeuzia upande wangu nilione. Yalikuwemo mengi, mengine kutoka Idodi huko njia ya mbugani, mengine kutoka sehemu nisizozitegemea. Wasahihishaji wa meza nyingine walikuwa wamepiga kosa wakaendelea. Hayakugunduliwa kwa sababu hayakuwa mengi kwenye furushi moja.

Mwaka uliofuata sikuitwa kutunga, wala mwaka wa baada yake. Hakuna aliyenieleza sababu, na sikuuliza.

Mwalimu wa bondeni alipata barua ya mistari miwili kwamba suala lake limefungwa. Nilipata namba yake kwa mzee, nikamwandikia ujumbe wa kumwomba radhi. Hakujibu. Nikaona ana haki. Muhula mzima ukapita. Kisha siku moja, niko sokoni nanunua nyanya, ujumbe ukaingia: "Mwalimu, kama una kadi za kusomea ambazo huzitumii, watoto hapa watazitumia." Hapakuwa na salamu wala neno jingine.

Sikuwa na kadi za maana. Niliwaambia wenzangu wawili shuleni, tukawa tunakutana Jumamosi kwenye kituo cha walimu, tunaandika hadithi za mistari sita au saba. Kadi za manila tulinunua mjini, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imeuza madaftari pale tangu zama za babu yake, na ambaye hunisalimia kwa Kihehe, "Kamwene", kabla sijafungua kinywa. Alipojua tunazifanyia nini alituletea kutoka stoo katoni ya kadi zilizopauka pembeni kwa jua. "Hizi hazinunuliwi na mtu," akasema, "lakini wino unashika." Tuliandika zote.

Furushi la kwanza nililituma kwa basi hadi Chimala. Baada ya wiki nikapokea ujumbe wa sauti. Alikuwa yeye, na nyuma yake kelele za darasa.

"Kadi ya tatu wanasema mpunga haupandikizwi shamba likiwa kavu. Kadi ya saba wanasema hakuna mama atakayeenda kuteka maji akamwacha mtoto mchanga na mbwa. Kadi ya kumi wameipenda, wanataka iendelee. Nyingine ziko sawa."

Nikarekebisha ya tatu na ya saba, nikaendeleza ya kumi. Tukaenda hivyo. Zilipofika kadi arobaini, walimu wa shule nyingine waliziomba, tukazirudufu kituoni kwa mashine ambayo siku ina wino haina umeme. Hazina jina la mtunzi wala picha. Watoto wangu wa Iringa wanazisoma pia, na wao wana ya kusema: kwamba viroboto hawaishi kwenye maji, kwamba nani aliyekwambia ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unagemwa saa sita mchana.

Yule binti mwenye shanga niliuliza habari zake mara moja. Alifaulu Darasa la Nne. Mwaka uliofuata familia yao ilihama na ng'ombe kutafuta malisho, na mwalimu hakujua walielekea wapi. Alimpa barua ya uhamisho isiyo na jina la shule, wajaze wenyewe watakakofika.

Mwaka jana mwalimu alikuja Iringa kwenye semina, akanipigia simu. Nilimkaribisha Kihesa. Mama yangu alimpikia ugali na mboga ya maboga, akamhoji ukoo wake wote wa Njombe mpaka wakapata mtu wanayemjua wote wawili. Baada ya kula tulikaa barazani.

"Sina hasira tena," akaniambia. "Lakini nisikudanganye, iliniuma. Kuna mzazi alimwuliza mwanawe mbele yangu kama kweli nilimnong'oneza jibu. Mtoto akalia. Hilo sijalisahau."

"Najua," nikasema. Kisha nikaona silo neno la kusema, kwa sababu nilikuwa sijui. "Sikulijua hilo. Pole."

"Ahsante."

Mama alileta chai. Mwalimu alifungua begi akatoa bahasha ya hadithi mpya walizomsimulia watoto, zimeandikwa nyuma ya karatasi za mahudhurio yaliyopita. Tulizigawana kuziandaa ziwe kadi, yeye za ng'ombe, mimi za shule na mvua. Kwenye moja palikuwa na neno la Kisukuma ambalo hakulipatia Kiswahili chake. Tulijaribu maneno matatu, hakuna lililomridhisha. Mwishowe akaliacha kama lilivyo, akaandika pembeni kwa kalamu ya risasi, "nikawaulize," akachukua karatasi inayofuata.